Sosi ya Saladi: Tunachokiogopa na Kinachostahili Kuogopwa

Waulize watu walioamua kula vizuri wameacha nini, na wengi watataja mafuta kabla ya kitu kingine. Kachumbari inakatwa, inakamuliwa ndimu, inatiwa chumvi ya kutosha, na mlaji anaridhika kwa kuwa hakuna tone la mafuta juu yake. Jirani yake ananunua supamaketi chupa ya sosi iliyoandikwa “bila mafuta”, kisha anaimimina mpaka majani yanaogelea. Nia ya wote wawili ni njema kabisa. Shida ni kwamba wanakikimbia kitu kinachowafaa, huku chumvi, sukari na mkono usiopima vikipita bila kuulizwa. Haya ndiyo ninayoyasikia mara nyingi kuhusu sosi za saladi, pamoja na yaliyo kweli.

“Saladi ya afya haitiwi mafuta”

Dhana hii imeenea kuliko zote, nami inanisumbua zaidi kwa sababu inawanyima watu faida ileile waliyoitafuta kwenye mboga. Karoti, nyanya na majani ya kijani vina virutubisho viitwavyo karotenoidi. Baadhi yake, kama beta-karotini ya karoti, mwili huzigeuza kuwa vitamini A. Karotenoidi huyeyuka kwenye mafuta, si kwenye maji. Mlo ukikosa mafuta kabisa, sehemu kubwa hupita tumboni na kutoka bila kufyonzwa.

Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa State, Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio lililopima jambo hili. Watu walewale walikula, kwa nyakati tofauti, saladi ya spinachi, letusi, nyanya na karoti: mara moja na sosi isiyo na mafuta, mara nyingine na sosi yenye gramu 6 za mafuta ya kanola, na mara nyingine gramu 28. Damu ilipopimwa, saladi isiyo na mafuta ilikuwa imewapa karotenoidi kidogo mno, karibu na hakuna. Gramu 6 zilisaidia, na 28 zikasaidia zaidi. Washiriki walikuwa wachache, lakini mwaka uliofuata watafiti wa Chuo Kikuu cha Ohio State walipata jibu linaloelekea hukohuko, tena kwa chakula kinachotuhusu: salsa ya Kimeksiko, ambayo kwa nyanya, kitunguu na pilipili zake ni ndugu wa kachumbari. Walipoichanganya na gramu 150 za parachichi, likopini, yaani karotenoidi ya nyanya, ilifyonzwa mara 4.4 zaidi, na beta-karotini mara 2.6 zaidi.

Kwa hiyo Wakenya wanaotia vipande vya parachichi kwenye kachumbari wanafanya jambo la maana kuliko wanavyosifiwa.

Hata hivyo, angalia sahani nzima. Kachumbari ya pwani iliwekwa pembeni ya pilau na biriani, na huko mafuta yapo tayari. Ndimu peke yake inatosha, hakuna haja ya kuongeza kitu. Ila kachumbari hiyohiyo ukiila na viazi vya kuchemsha, au ukiifanya ndiyo chakula chako cha jioni kwa kuwa unapunguza mwili, hapo itie mafuta. Kijiko kimoja au viwili vya chai kwa mtu mmoja vinatosha. Kipimo nakisisitiza, kwa sababu kijiko kimoja cha chakula cha mafuta yoyote, ya zeituni au ya alizeti, kina takriban kilokalori 120. Ukimimina moja kwa moja kutoka kwenye chupa, vijiko vinne vinaingia kabla hujageuza shingo.

“Chupa ikiandikwa ‘bila mafuta’, basi ni salama”

Mafuta ndiyo yanayoipa sosi uzito na kubeba ladha. Kiwanda kikiyaondoa, lazima kijaze pengo, na mara nyingi kinalijaza kwa maji, wanga, gundi za kuifanya sosi iwe nzito, sukari na chumvi. Maandishi ya mbele hayakudanganyi, ila yanakuambia jambo moja tu kati ya manne unayohitaji kujua. Igeuze chupa. Viambato hupangwa kwa uzito, kinachotangulia ndicho kilicho kingi. Sukari ikiwa ya pili au ya tatu, hiyo ni sharubati yenye siki.

Kisha tafuta sodiamu na uizidishe kwa 2.5 upate chumvi. Ukikuta miligramu 300 kwa kipimo, hiyo ni gramu 0.75 za chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku nzima, yaani pungufu kidogo ya kijiko cha chai, ukijumlisha iliyomo kwenye mkate, mchuzi na kila kitu. Na kile “kipimo” cha kwenye chupa kwa kawaida ni vijiko viwili vya chakula. Anayemimina vijiko sita amekula gramu 2.25 kwenye saladi tu.

Vivyo hivyo sosi ya soya, ambayo wengi huitumia kama mbadala mwepesi: kijiko kimoja cha chakula kina sodiamu karibu miligramu 900. Itumie kwa matone.

“Haya mafuta ni bora, yameandikwa hayana kolesteroli”

Mafuta ya mimea hayana kolesteroli ya kuhesabika, yawe ya bei ya juu au ya bei ya chini. Maandishi hayo hayalitofautishi kopo moja na jingine. Cha kuangalia ni mafuta yaliyoshiba, yale yanayopandisha kolesteroli ya damu, ni mengi kiasi gani.

“Bila mafuta ya zeituni hakuna sosi ya afya”

Mafuta ya zeituni ni mazuri, na anayeyamudu ayatumie. Lakini bei yake imewafanya watu waamini kwamba ulaji bora ni wa wenye fedha, na hilo nalikataa. Alizeti ya Singida na Dodoma hutoa mafuta yenye vitamini E nyingi, na yale yaliyoshiba ni karibu asilimia 10 tu. Ya zeituni yana takriban 14. Alizeti iliyokamuliwa bila kusafishwa kiwandani ina harufu yake nzuri ya mbegu, ambayo kwenye saladi inapendeza kuliko kwenye kikaango. Ila usinunue chupa iliyoshinda juani kando ya barabara. Mwanga na joto huharibu mafuta. Nusa kwanza, na yakiwa na harufu inayokwaruza koo, yaache.

Mafuta ya nazi ni habari nyingine. Zaidi ya asilimia 80 yake ni mafuta yaliyoshiba, na mwaka 2017 Jumuiya ya Moyo ya Marekani ilishauri watu wasiyatumie kama mafuta ya afya. Simwambii mtu wa pwani aache tui, maana samaki wa kupaka si chakula cha kila siku. Nasema tu kwamba kwenye sosi ya saladi hayana kazi. Isitoshe, huganda chini ya nyuzi joto 24 hivi, kwa hiyo kwenye mboga zilizotoka kwenye friji yatakuachia mabonge.

Na mafuta ya zeituni yakiganda au kupoteza ung'avu ndani ya friji, hayajaharibika. Yatoe, yatarudi.

“Nimetia asali badala ya sukari, kwa hiyo haina neno”

Kijiko cha chakula cha asali kina sukari kama gramu 17. Cha sukari nyeupe kina gramu 12 hivi, kwa sababu asali ni nzito zaidi. Shirika la Afya Duniani linaihesabu asali pamoja na sukari za kupunguza. Kama unataka utamu wa kukata ukali wa siki, ponda kipande cha embe bivu au tia pasheni moja na mbegu zake. Na mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe chochote chenye asali, kwa sababu ya hatari ya sumu ya botulizimu.

“Siki ya tufaha inayeyusha kitambi”

Siki ni maji yenye asidi ya asetiki, mara nyingi asilimia 5 hivi, iwe ya tufaha, ya zabibu au ya nazi. Kuna ushahidi kwamba siki ikiliwa pamoja na wanga hupunguza kidogo kupanda kwa sukari ya damu baada ya mlo. Kuyeyusha mafuta ya mwili ni dai jingine kabisa. Machi 2024 utafiti kutoka Lebanon ulidai vijana waliokunywa siki ya tufaha kila siku walipungua uzito kwa kiasi kikubwa, na habari ikazunguka dunia nzima. Septemba 2025 wachapishaji wa jarida waliufuta, baada ya wataalamu wa takwimu kushindwa kuyapata tena matokeo yale. Kufutwa kwake hakukuzunguka hivyo, na hadi leo watu wanakunywa siki kavu asubuhi na kuchubua meno yao. Siki mahali pake ni kwenye saladi.

“Sosi nzuri ni kazi ya wapishi wa hoteli”

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu mtu akishajua kutengeneza, mjadala wa chupa unakwisha wenyewe.

Anza na chumvi. Chumvi haiyeyuki kwenye mafuta, kwa hiyo itie kwanza kwenye maji ya ndimu au siki, koroga mpaka ipotee, ndipo ulete mafuta. Ikiyeyuka vizuri, robo ya kijiko cha chai inakolea bakuli la watu wanne. Ikibaki punje, utaongeza na kuongeza. Tumia chumvi ya kawaida yenye madini joto. Ile ya pinki ni kloridi ya sodiamu vilevile, na mara nyingi haina madini joto yanayomkinga mtu na tezi la shingo.

Vitabu vya Kifaransa hufundisha sehemu tatu za mafuta kwa moja ya siki. Ndimu zetu zina harufu ya kutosha kubeba sehemu moja kwa moja: vijiko viwili vya chakula vya mafuta ya alizeti, viwili vya ndimu, nusu kijiko cha chai cha haradali, pilipili manga. Tia kwenye chupa yenye kifuniko na utikise. Haradali ndiyo inayoyashika mafuta na maji yasiachane upesi.

Ninayoipenda kuliko zote ni ya ufuta. Lindi na Mtwara zinalima ufuta mwingi, na sehemu kubwa husafirishwa nje, wakati sisi tunanunua sosi zilizosafiri kuja kwetu. Kaanga ufuta bila mafuta mpaka unukie, usage ulainike, kisha tia ndimu. Utaona unakaza na kugeuka kama udongo. Usiogope, ongeza maji ya uvuguvugu kijiko baada ya kijiko na utalainika uwe mweupe. Kitunguu saumu kidogo, bizari nyembamba kidogo, basi. Siagi ya karanga isiyotiwa sukari wala chumvi hukubali njia hiyohiyo.

Anayependa sosi nzito nyeupe achanganye mtindi mzito usio na sukari na nusu ya parachichi, giligilani (au dania, kwa ndugu zetu wa Kenya) na ndimu. Kijiko cha chakula cha mayonezi kina mafuta kama gramu 10. Cha mtindi wa maziwa kamili hakifiki gramu 1. Na ukwaju uliolowekwa, ukachujwa, ukatiwa tangawizi na mafuta kidogo, hufanya kabichi mbichi iliwe na watoto wasioitaka.

Jambo moja kuhusu vitunguu: mazoea ya kuvifikicha kwa chumvi huacha chumvi nyingi nyuma hata ukivisuuza. Viloweke kwenye maji baridi na siki kidogo kwa dakika kumi. Ukali utatoka.

“Mayonezi yangu ni salama, mayai nimetoa bandani kwangu”

Kuku mwenye afya njema anaweza kubeba bakteria wa salmonela, na ndimu iliyomo kwenye mayonezi haitoshi kukuhakikishia usalama. Kwa mjamzito, mtoto mdogo na mzee, yai bichi si la kubahatisha. Chemsha yai likauke kiini, kiponde na haradali na ndimu, kisha ongeza mafuta polepole. Utapata sosi nzito ya kuridhisha.

“Ndimu inaua vijidudu, mboga hazihitaji kuoshwa sana”

Dhana hii ina chembe ya ukweli. Utafiti kutoka Guinea-Bissau uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha kwamba maji ya ndimu kwenye mchuzi yalisaidia kukinga watu na kipindupindu. Lakini vimelea vya kipindupindu ni dhaifu mbele ya asidi. Mayai ya minyoo na vimelea vya ameba havibabaiki hivyo. Osha jani kwa jani kwa maji safi, ndipo ukamue ndimu. Faida ya hakika ya ndimu ni nyingine: vitamini C yake huusaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye majani ya kijani.

“Ya nyumbani haina kemikali, kwa hiyo haiharibiki”

Hii ndiyo yenye hatari ya kweli. Vitunguu saumu vibichi vikizamishwa kwenye mafuta na kuachwa kabatini vinakosa hewa na vinakosa asidi, na hayo ndiyo mazingira yanayopendwa na bakteria Clostridium botulinum. Mwaka 1985 watu 36 waliugua huko Vancouver, Kanada, kwa vitunguu saumu vya chupa vilivyokuwa kwenye mafuta. Sumu yake hulegeza misuli hadi ile ya kupumulia, nayo haina harufu wala rangi ya kukuonya. Kwa hiyo mafuta yenye vitunguu saumu au majani mabichi yakae kwenye friji, na yaliyozidi siku nne yamwagwe. Sosi za mtindi, parachichi au yai nazo zitengenezwe kidogo kidogo. Nyumba isiyo na friji itengeneze ya mlo mmoja. Ndimu, mafuta na chumvi vinachanganyika wakati maji ya ugali yanachemka.