Paa la Turubai Wakati wa Baridi: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Wenye magari ya paa la kukunja katika nchi za baridi wengi huamini kwamba paa likikakamaa asubuhi, vyuma vyake vimekosa mafuta, na kimbilio lao la kwanza huwa kopo la grisi. Mara nyingi vyuma havina hatia. Kilichokakamaa ni vinaili ya turubai lenyewe, yaani plastiki ya PVC iliyochanganywa kiwandani na vilainishi ili iweze kukunjika. Joto likishuka, plastiki hiyo husinyaa na kuwa ngumu, ndiyo maana ndoano za mbele zinazofunga bila taabu mwezi Julai hukataa kufika mahali pake mwezi Januari. Kadiri miaka inavyopita vilainishi hutoka kidogo kidogo, kwa hiyo paa kuukuu huteseka kuliko jipya. Tena grisi ya petroli ikigusa mipira ya milango huivimbisha na kuilegeza; mipira hiyo hutakiwa kupakwa silikoni.

Wapo wanaodai kwamba dawa ni nguvu za mikono, au kulegeza ndoano kwa kuzungusha skrubu zake hadi zifike. Njia hii ya pili inavutia kwa sababu hufaulu siku hiyohiyo, lakini hali ya hewa ikipata joto turubai hutanuka, paa hulegea, hupigapiga kwenye mwendo kasi na kuingiza maji. Kinachostahili kurekebishwa ni joto la turubai. Ikiwa paa limefungwa, washa injini mahali penye hewa ya kutosha na ufungulie hita ya ndani kwa dakika 15 au 20, kisha ndipo uliguse. Ikiwa limebaki wazi na halitaki kurudi, ingiza gari kwenye gereji yenye joto, au tumia mashine ya kukaushia nywele ukiipitisha kwa mbali bila kuituliza sehemu moja. Maji ya moto, ambayo wengi huyasifu, huweza kupasua kioo kilichoganda, na yakishapoa hugeuka barafu ndani ya mishono.

Dhana inayoleta hasara kubwa zaidi inahusu dirisha la nyuma. Mazda MX-5 ya kwanza, iliyotoka mwaka 1989, ilikuwa na dirisha la plastiki lenye zipu, na Porsche Boxster za mwanzo nazo zilikuwa na plastiki kabla ya kupewa kioo. Watu hudhani kwamba plastiki iliyokunjwa mara mia wakati wa kiangazi itakunjika pia kwenye theluji. Haitakunjika, itapasuka palepale penye mkunjo, na mpasuko huo hauzibiki kwa namna ya kuridhisha. Mwenye MX-5 ya aina hiyo hufungua zipu na kulilaza dirisha kabla ya kushusha paa, lakini hata hilo lisubiri plastiki ipate joto. Barafu iliyoganda juu yake isikwanguliwe, kwani mikwaruzo haifutiki.

Paa la kitambaa, lenye tabaka la mpira katikati, kweli huvumilia baridi kuliko vinaili, ila kulichukulia kama lisiloathirika ni kosa: likilowa kisha likaganda, nyuzi zake hushika barafu na kukataa kukunjika. Na likikunjwa likiwa na unyevu, ukungu huota ndani ya mikunjo.

Kuhusu paa la umeme, wengi hutulizwa na wazo kwamba mota ina nguvu kuliko binadamu. Nguvu hiyo ndiyo hatari yenyewe, maana mkono huhisi ukinzani na kusita, ilhali mota huendelea kuvuta mpaka mshono uachie. Isitoshe, mafuta ya haidroliki, yaani yanayosukuma mitambo ya paa, huwa mazito kwenye baridi na betri hudhoofika, hivyo paa linaweza kusimama nusu ya safari huku theluji ikiingia kwenye viti.