Saiga, Vepr na Tigr: bunduki za kuwindia zilizochongwa na sheria

Ukimwonyesha mtu picha mbili, moja ya bunduki yenye kitako kirefu cha mbao, nyingine nyeusi yenye mshikio wa bastola na kitako cha kukunja, atakwambia ya kwanza ni ya mwindaji na ya pili ni ya askari. Kwa bunduki za Kirusi jibu hilo mara nyingi ni kosa. Huenda zote mbili zimetoka kiwanda kimoja zikiwa na mtambo uleule ndani, ila ya pili imeshapita mikononi mwa mmiliki wake.

Tuanze na Saiga. Hutengenezwa Izhevsk, katika Jamhuri ya Udmurtia, zinakotengenezwa pia Kalashnikov za jeshi. Za kwanza, chache tu, zilitoka kiwandani Izhmash miaka ya 1970 kwa ajili ya kuwinda saiga, mnyama wa jamii ya swala mwenye pua kubwa iliyovimba, anayeishi kwa makundi katika nyanda za Kazakhstan. Umoja wa Kisovieti ulipovunjika mwaka 1991 na oda za jeshi zikapungua, kiwanda kikalirudia jina hilo na kuanza kuuza nje ya nchi. Saiga mwenyewe, kwa masikitiko, aliwindwa ovyo katika miaka hiyohiyo hadi akakaribia kutoweka. Vepr, maana yake nguruwe mwitu, ni kazi ya kiwanda cha Molot mjini Vyatskiye Polyany. Kiwanda hicho kilikuwa kikiunda RPK, bunduki rashasha nyepesi, ndiyo maana bodi la Vepr, yaani kasha la chuma linalobeba mtambo, lina bati la milimita 1.5 badala ya 1 iliyozoeleka kwenye AKM, mojawapo ya Kalashnikov za jeshi. Tigr ni SVD, bunduki ya mdunguzi iliyobuniwa na Evgeny Dragunov, ile iliyoingia jeshini mwaka 1963, ikatolewa kwa ajili ya raia.

Zote ni nusu otomatiki. Risasi ikitoka, sehemu ya gesi ya baruti huchepushwa kupitia tundu la mtutu na kuusukuma mtambo nyuma. Ganda linarushwa nje, springi inaurudisha mtambo mbele na risasi nyingine inaingia chemba. Ukivuta kifyatulio mara moja, inatoka risasi moja. Kuna kipande kidogo kinachoishika nyundo isipige tena mpaka kidole kiachie. Hapo ndipo bunduki ya raia inapoachana na ya jeshi, na jambo hilo huwezi kuliona kwa kutazama kitako.

Basi kwa nini zilivikwa mbao? Jibu liko Marekani, soko lililokuwa kubwa kwao. Sheria ya silaha ya mwaka 1968 inataka bunduki inayoingizwa nchini humo iwe inafaa kwa michezo na uwindaji. Mwaka 1989 serikali ya George H. W. Bush ilikitumia kigezo hicho kuzuia aina nyingi za bunduki zenye sura ya kijeshi, na mwaka 1998 serikali ya Bill Clinton ikazuia pia zile zinazopokea magazini (vibebea risasi) kubwa za kijeshi. Warusi wakajipanga upya. Mshikio wa bastola ukaondolewa, kitako kikawa cha mwindaji, na kwa kuwa mkono sasa ulikaa nyuma zaidi, kifyatulio nacho kikasogezwa nyuma na kuunganishwa na mtambo kwa kipande kirefu cha chuma. Magazini ikawa ya risasi 10, ya umbo lake yenyewe. Aliyewahi kuvuta kifyatulio cha Saiga ya namna hiyo anajua kinavyoburura kabla ya kuachia; chanzo ni kile chuma cha kuungia.

Wamiliki wengi wa Marekani hawakuridhika. Wakawa wanakirudisha kifyatulio mahali pake pa asili, wanafunga mshikio, wanabadilisha kitako, wanaweka darubini kwenye reli iliyo ubavuni kushoto mwa bodi. Ni watu wa aina nyingi: mwindaji wa nguruwe mwitu anayetaka kifyatulio chepesi, mlenga shabaha, mkusanyaji anayependa bunduki yake ifanane na ya historia. Wengi wao ni watu makini wanaozijua bunduki zao hadi pini ya mwisho, na si haki kuwaweka kundi moja na wahalifu.

Umakini huo wanauhitaji. Tangu mwaka 1990 ni kosa nchini humo kuunganisha bunduki ya namna iliyozuiwa kuingizwa kwa kutumia vipuri vya nje. Kanuni ina orodha ya vipuri 20, na visivyozidi 10 ndivyo vinavyoruhusiwa kuwa vya kigeni. Magazini peke yake inahesabiwa vipuri vitatu: mwili wake, kisukuma risasi na kifuniko cha chini. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa ndani ya sheria akiwa na magazini ya Kimarekani, akachomeka ya Kirusi, na papo hapo akavuka idadi. Hakuna alichobadilisha kwenye bunduki yenyewe.

Majimbo yana yao. Katika California, raifo ya nusu otomatiki yenye magazini ya kuchomoa, ikiongezewa mshikio wa bastola au kitako cha kukunja, inahesabiwa silaha ya mashambulizi. Saiga ilivyotoka kiwandani haina alama hizo, ikishabadilishwa inazo.

Kuhusu usalama nitasema bila kuzungukazunguka, kwa sababu hapa ndipo watu huumia. Mshikio na kitako ni mambo ya nje, lakini anayegusa nyundo na kile kipande kinachoishika amegusa uhai wa watu. Kikipigwa tupa vibaya au kikichakaa, bunduki inaweza kutoa risasi mbili kwa mvuto mmoja, au kufyatuka ikianguka. Bunduki inayofanya hivyo iondolewe risasi, isitumike tena, ipelekwe kwa fundi mwenye leseni. Sheria ya Marekani huiita silaha inayotoa zaidi ya risasi moja kwa mvuto mmoja bunduki rashasha, na adhabu ya kuimiliki bila kusajiliwa inaweza kufika kifungo cha miaka 10.

Urusi kwenyewe masharti ni mazito kuliko wengi wanavyodhani. Magazini ya raia ina kikomo cha risasi 10, bunduki isipungue urefu wa milimita 800, na kwa kawaida mtu humiliki bunduki ya mtutu laini (shotgun) kwa miaka mitano kabla ya kupewa kibali cha raifo. Baada ya mauaji ya shuleni Kazan mwezi Mei 2021, umri wa kununua ulipandishwa kutoka miaka 18 hadi 21.

Soko la Marekani nalo lilifungwa kwa awamu: vikwazo dhidi ya kampuni ya Kalashnikov (zamani Izhmash) Julai 2014 kwa sababu ya hatua za Urusi nchini Ukraine, dhidi ya Molot Juni 2017, kisha Septemba 2021 zuio la vibali vipya vya kuingiza bunduki na risasi za Kirusi baada ya Alexei Navalny, mpinzani wa serikali ya Urusi, kupewa sumu. Zilizokuwa tayari mikononi mwa watu hazikutaifishwa. Zimepanda bei, na leo nyingi zinauzwa zikiwa zimeshapita kwa mafundi kadhaa.

Kwa Mwafrika Mashariki aliyezoea mazingira ya kwao, hili ni geni. Itifaki ya Nairobi ya Aprili 2004, mkataba wa kudhibiti silaha ndogo na nyepesi, inazitaka nchi wanachama zipige marufuku kabisa raia kumiliki raifo za otomatiki na za nusu otomatiki, hata kitako kiwe cha mbao.

Kwa ndugu zetu walioko Marekani ambao sheria inawaruhusu: kabla ya kununua Saiga au Vepr iliyotumika, muulize muuzaji nani aliibadilisha na vipuri gani ni vya Kimarekani, akuandikie. Mpe fundi mwenye leseni aifungue kabla hujaipeleka uwanja wa shabaha. Na ukihamia jimbo jingine, isome sheria ya huko kabla bunduki haijaingia kwenye gari.