Hodi ya mtu aliyefunika uso

Kwetu Kilifi, Pwani ya Kenya, mgeni hapigi hodi na papo hapo akaeleza shida yake. Hukaribishwa, huketi, hupewa maji, waulizane habari za nyumbani, ndipo aulizwe kilichomleta. Wahudumu wa nyanjani wa utafiti wa afya wamefanya kazi kwa desturi hiyo tangu mwaka 2000, walipoanza kuzunguka boma kwa boma kuandika waliozaliwa, waliofariki na waliohama katika eneo lenye wakazi zaidi ya robo milioni. Wengi wao ni watoto wa hapa hapa, wanazungumza Kigiriama au Kichonyi, na taasisi yao ina jina refu ambalo mtaani hakuna anayelihitaji. Wakionekana njiani, watu husema tu, "KEMRI hao," yaani wa Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya.

Kisha ikaja Machi 2020. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa tarehe 13, kafyu ya saa moja jioni ikaanza tarehe 27, na Aprili 8 ikawa hakuna kuingia wala kutoka Kilifi, Kwale na Mombasa. Tafiti nyingi zilisimama. Zilizobaki ni zile ambazo kuzikatiza kungewaumiza washiriki wenyewe, pamoja na upimaji wa korona, kwa kuwa maabara ya Kilifi sasa ilipokea sampuli kutoka kaunti za Pwani.

Kwa hiyo mhudumu akarudi kwa jirani yake akiwa na barakoa, akasimama mbali, mkono hatoi, kiti hataki, maji hanywi. Ukimkatalia mzee kiti chake umemtukana, hata kama umetumwa na Wizara ya Afya. Wakuu wakasema basi, tumieni simu. Lakini katika nyumba nyingi simu ni moja, na mwenye simu ni baba. Utamuulizaje mama habari za mimba yake kupitia kwa mumewe, halafu useme umemtunzia siri? Kanuni za kuomba ridhaa ya mshiriki ziliandikwa kwa watu wawili walioketi kivulini, na hapa kivuli hakikuwepo.

Mwezi huo huo wa Aprili madaktari wawili Wafaransa walisikika kwenye televisheni wakizungumzia kujaribu BCG, chanjo ya kifua kikuu, dhidi ya korona barani Afrika. Mkurugenzi wa Shirika la Afya Duniani, Tedros Adhanom Ghebreyesus, aliyaita maneno ya aina hiyo ya kibaguzi, na alikuwa na haki. Ila maneno yaliyosemwa Paris hujibiwa na mtu aliyesimama mlangoni Ganze, huku kwetu Kilifi, na kichupa cha sampuli mkobani. Pwani ina hofu ya zamani ya mumiani, mnyonya damu anayeuza damu za watu kwa dawa, na anayekuja kuchukua damu akiwa amefunika uso haihitaji ushahidi mwingi kumgeuza mumiani. Mimi sioni kwamba hofu hiyo ni ujinga. Mtu anauliza swali halali kabisa: damu yangu inakwenda wapi, na nani anafaidika?

Lililowalemea zaidi wahudumu, kwa maoni yangu, halikuwa virusi wala uvumi. Ilikuwa njaa. Hoteli za Malindi na Watamu zilifungwa, na waliozitegemea wakabaki nyumbani bila kipato. Mhudumu anafika na maswali arobaini kuhusu kikohozi na homa, anaulizwa swali moja: "Umeniletea nini?" Maadili ya utafiti yanaruhusu kumrudishia mshiriki nauli na kumfidia muda wake, lakini yanakataza zawadi ya kumshawishi akubali asichokitaka. Sawa. Lakini mhudumu ana mshahara mwisho wa mwezi, na aliye mbele yake alisoma naye darasa moja. Akitoa mia mbili mfukoni mwake, amevunja kanuni au amefanya utu? Wakati huo huo nyumbani kwake wanaogopa ataleta ugonjwa. Mzigo wa uamuzi wa namna hiyo ni wa taasisi, haufai kuachiwa kijana aliye peke yake uani kwa watu.

Wewe mwenye boma, mhudumu akifika una haki ya kuona kitambulisho chake, kuuliza atachukua damu kiasi gani (kwa mtu mzima mara nyingi ni kama kijiko kimoja au viwili vya chai), itapimwa nini na itahifadhiwa wapi. Una haki ya kukataa, na hata ukikubali leo unaweza kujitoa kesho bila kutoa sababu. Matibabu yako hospitalini hayapungui kwa sababu hiyo.

Kuna jambo moja ambalo hadi leo wahudumu wenyewe hulirudia. Majaribio ya chanjo ya Oxford na AstraZeneca yalipoanza Kilifi mwishoni mwa Oktoba 2020, yalipangwa kuanza na wahudumu wa afya 40 wa mstari wa mbele kabla ya kufika kwa wananchi wengine. Jirani aliyekuwa akiuliza "mbona mnaanza na sisi?" alipata jibu. Lakini mhudumu naye ni mshiriki mwenye haki zile zile nilizozitaja hapo juu, na mbele ya bosi anayemlipa, neno "sitaki" si jepesi kutamka.