Moyo unakula saa ngapi?

Mzee mmoja anayekaa ghorofa ya nne Kariakoo, kwenye jengo ambalo lifti yake haijafanya kazi siku nyingi, alikuja kliniki akanieleza tatizo lake kwa maneno machache. "Nikifika ghorofa ya pili, dokta, kifua kinabana kama nimefungwa mkanda. Nikisimama pale nikashika ukuta, kinaachia." Nikamuuliza kinaachia baada ya muda gani. Dakika mbili, tatu, halafu anapanda tena. Kisha akaniuliza: "Lakini moyo wenyewe haulali. Mimi nikisimama, wenyewe bado unapiga. Sasa umepumzikaje?"

Sijawahi kuulizwa swali zuri kuliko hilo na mgonjwa. Kliniki foleni ni ndefu na jibu linataka muda, kwa hiyo nimeliandika hapa.

Nikifundisha wanafunzi wa uuguzi huwa napitia buchani asubuhi nanunua moyo wa ng'ombe mzima. Namwomba muuzaji asiupasue wala asiutoe mafuta. Ni mkubwa mara kadhaa kuliko wa binadamu, ambao kwa mtu mzima ni kama ngumi yake na una uzito wa gramu 250 hadi 350, lakini ramani ni ile ile. (Kuna tofauti moja ambayo wanafunzi huipenda: ng'ombe ana kifupa ndani ya moyo, karibu na shina la aorta, mshipa mkuu wa damu. Sisi mahali hapo tuna nyuzinyuzi ngumu tu.) Nikiuweka mezani, kila mwanafunzi anataka kisu. Wote wanakimbilia ndani.

Ndani panaeleweka haraka. Vyumba ni vinne: viwili vya juu vinapokea damu, viwili vya chini vinaisukuma. Upande wa kulia unapokea damu iliyokwisha zunguka mwilini na kuipeleka kwenye mapafu. Upande wa kushoto unapokea ile iliyotoka mapafuni na oksijeni yake, na kuisukuma mwili mzima. Bonyeza kuta za vyumba vya chini kwa vidole utaona tofauti. Kwa binadamu ukuta wa kushoto una unene wa kama sentimita moja, wa kulia ni theluthi ya huo. Wa kulia unapeleka kwa jirani, mapafu yako hapo hapo, na presha yake haizidi sana 25. Wa kushoto lazima ufikishe damu utosini na kwenye vidole vya miguu, kwa presha ya kama 120. Milango yote inafunguka upande mmoja. Ni vali nne, na zile mbili zilizo kati ya vyumba vya juu na vya chini zimeshikwa kwa kano nyeupe, nyembamba kama uzi, zisipinduke. Vali zinastahili makala yake, hasa kwetu, ambako maumivu ya koo ya mtoto yasiyotibiwa yanaweza kuja kuharibu vali miaka mingi baadaye. Leo naziacha.

Ninachotaka wanafunzi wakione kiko nje, chini ya yale mafuta niliyomkataza muuzaji kuyaondoa.

Fikiria kwanza. Lita tano hivi za damu zinapita ndani ya moyo kila dakika mtu akiwa ametulia. Mtu atasema moyo hauwezi kuona njaa, umekaa katikati ya chakula. Lakini nyama ya moyo hainywi damu iliyomo vyumbani, isipokuwa ngozi nyembamba mno ya ndani kabisa. Hata Ibn Sina, tabibu mashuhuri wa kale, alidhani damu ya chumba cha kulia ndiyo inayoulisha moyo. Aliyempinga ni Ibn al-Nafis, tabibu aliyetoka Dameski akafanya kazi Kairo. Katika karne ya 13 aliandika kwamba moyo hulishwa na mishipa inayopenya ndani ya nyama yake. Ni huyo huyo aliyeeleza kwamba damu hutoka upande wa kulia kwenda wa kushoto kwa kupitia mapafu, wala si kwa vitundu kwenye ukuta wa kati kama ilivyoaminiwa, karibu miaka 400 kabla William Harvey wa Uingereza hajachapisha maelezo yake ya mzunguko wa damu mwaka 1628.

Sasa ondoa mafuta taratibu, kwa kidole, si kwa kisu. Aorta, mshipa mkuu unaotoka chumba cha chini cha kushoto, ikianza tu, juu kidogo ya vali yake, ina matundu mawili madogo. Hapo ndipo zinapoanzia ateri za koronari, mishipa ya damu inayoulisha moyo wenyewe. Ya kushoto inagawanyika mapema: tawi moja linashuka mbele ya moyo hadi nchani, jingine linazunguka kwenda nyuma. Ya kulia inazunguka upande wake na kwa watu wengi inalisha sehemu ya chini, ile iliyolalia kiwambo kinachotenga kifua na tumbo. Kipenyo chake ni milimita tatu au nne, nyembamba kuliko mrija wa kunywea soda. (Nasema ateri kwa makusudi. Neno mshipa kwetu linabeba mengi mno: mishipa ya damu, ya fahamu, hata ugonjwa wa ngiri. Mgonjwa akiniambia "mshipa unaniuma" lazima niulize upi.)

Kupitia ateri hizo moyo unachukua karibu asilimia tano ya damu yote unayoisukuma mtu akiwa ametulia, na unafyonza sehemu kubwa ya oksijeni iliyomo, karibu robo tatu mara nyingi. Misuli ya mguu ikihitaji zaidi inaweza kuibana damu ile ile itoe zaidi. Moyo tayari umeshaikamua. Ukitaka zaidi, lazima uletewe damu zaidi.

Na hapa ndipo lilipo jambo lenyewe. Ateri hizi zinapita juu ya nyama kisha zinazamisha matawi ndani yake. Nyama ikijikaza kusukuma damu, inayabana matawi yale yale yanayoilisha. Shika mrija laini kiganjani, kunja ngumi, uone kama kitu kinapita. Kwa hiyo ukuta wa kushoto, ule mnene, hupata sehemu kubwa ya chakula chake wakati umelegea, katika kile kipande cha muda kati ya pigo na pigo. Moyo ni mama lishe: anawapakulia wote, na yeye anakula wateja wakipungua. Tabaka la ndani kabisa la ukuta ndilo linalobanwa zaidi, na damu ikipungua ndilo linaloumia kwanza.

Lakini moyo ukilegea hausukumi. Nani anaisukuma damu kuingia koronari? Ni aorta. Nyumba nyingi Dar zina simtanki: pampu inapandisha maji, na ikizimwa, bomba la jikoni linaendelea kutoa. Aorta ya kijana imejaa nyuzi zinazovutika. Moyo ukikamua, aorta inatanuka na kuweka akiba. Vali ikijifunga, inajirudi na kuisukuma akiba hiyo mbele, na nyingine kurudi nyuma hadi kwenye yale matundu mawili. Wagonjwa wangu wa presha huangalia namba ya juu tu. Mimi hutazama na ya chini, kwa sababu ateri za koronari zinalishwa zaidi kipindi cha namba hiyo, moyo ukiwa umelegea. Umri na presha ya miaka mingi vinaikausha aorta ikawa ngumu kama bomba la plastiki: namba ya juu inapanda, ya chini inaweza kushuka, na ukuta wa kushoto unanenepa kwa kazi. Nyama inaongezeka, mirija ya kuilisha haiongezeki kwa kadiri hiyo.

Nimrudie mzee wangu na ngazi zake. Moyo unaopiga mara 75 kwa dakika hutumia sekunde 0.27 kukamua na sekunde 0.53 kulegea. Ukipiga mara 200, kukamua ni 0.16 na kulegea ni 0.14. Ona kilichokatwa zaidi. Katika dakika nzima, moyo wa kwanza umelegea kwa sekunde 40, wa pili kwa sekunde 28, na huo wa pili ndio wenye njaa zaidi. Mtu mzima wa afya hahisi kitu, maana ateri zake zinajitanua na kupitisha damu mara kadhaa ya kawaida. Za mzee zimejijenga utando wa mafuta na chokaa kwa ndani. Akikaa barazani, njia iliyobaki inatosha. Akipanda ngazi, mapigo yanakimbia, muda wa kula unafupishwa, na njia haitanuki. Akisimama akashika ukuta, mapigo yanashuka na vile vipande vya muda vinarefuka. Hapo ndipo moyo wake unapopumzika, kati ya pigo na pigo.

Kifua kisipoachia, habari ni nyingine. Utando ule ukipasuka, damu inaganda juu yake na kuziba ateri kabisa, na ndani ya kama nusu saa nyama inaanza kufa. Hapo hakuna kusubiri asubuhi. Na maumivu si lazima yawe kifuani. Watu wetu wakisema "chembe ya moyo inauma" wanaonyesha juu ya kitovu, chini ya mfupa wa kifua, na mara nyingi kweli ni tumbo. Lakini sehemu ya chini ya moyo imelalia pale pale, kiwambo tu ndicho kinachoitenga na tumbo. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilimpa mama mmoja mwenye kisukari dawa ya vidonda vya tumbo kwa maumivu ya chembe ya moyo yaliyokuja na jasho na kichefuchefu. Alirudishwa usiku huo huo, ateri ya kulia imeziba. Alipona, lakini kipande cha moyo wake kilikwisha kufa. Tangu hapo, mtu mzima akishika pale huku anatoka jasho, nampima umeme wa moyo kwanza, tumbo baadaye.

Mzee nilimwanzishia dawa, mojawapo ya kupunguza kasi ya mapigo, nikampangia vipimo vya koronari. Wiki tatu baadaye alirudi na wasiwasi. Mjukuu wake alimpima kwa ile mashine ya mkononi, mapigo 58. "Dokta, moyo wangu unazimika?"

Nikamwambia hapana mzee wangu, sasa unapewa muda wa kula. Akanyamaza kidogo, vidole vikiwa kwenye kifundo cha mkono anahesabu. Anafika ghorofa ya tatu sasa kabla ya kusimama. Akaniomba nimwandikie mwenye nyumba barua kuhusu lifti, nikaiandika pale pale na kuigonga muhuri.