Pistoni Tatu Zinatetemeka, Hazimisi

"Fundi, gari nimeichukua juzi. Nikisimama inatetemeka mpaka usukani. Nimeambiwa injini imechoka, niweke oili nzito itulie." Sentensi hii ingekuwa inalipiwa, mafundi wa Tabora tungekuwa tumeshajenga. Safari hii naandika jibu lake ili anayeanza kuisema nimtumie kiungo, mimi niendelee na kazi.

Gari yenyewe karibu kila mara ni Passo ya lita moja au Vitz ya modeli ya KSP90. Zote zina injini ya 1KR-FE, cc 996, pistoni tatu. Mwenye gari ametoka kwenye Corolla ya pistoni nne au IST ya jamaa yake, anakaa kwenye kiti, anawasha, na wiki ya kwanza anaamini ameuziwa mbuzi kwenye gunia. Mtaani wanamalizia kwa kumwambia pistoni ya nne iliibwa bandarini.

Hesabu ni hii. Injini hizi, kila pistoni inachoma mara moja katika mizunguko miwili ya kranki, shafti inayozungushwa na pistoni. Sailensa, yaani mzunguko wa injini gari ikiwa imesimama, ikiwa 800 kwa dakika, pistoni nne zinapiga mara 1,600, yaani kama 27 kwa sekunde. Pistoni tatu zinapiga 1,200, sawa na 20 kwa sekunde. Kati ya pigo na pigo kuna pengo refu zaidi, na mwili wako unalisikia. Juu ya hapo, kranki ya pistoni tatu inasawazisha nguvu za juu na chini, lakini haisawazishi ncha mbili za injini: pistoni ya mbele inapopanda, ya nyuma iko kwenye mwendo mwingine, na injini inacheza kama ubao wa watoto wanaobembea huku na huku. Kuna watengenezaji wanaoweka shafti ya kusawazisha mchezo huo. Kwenye 1KR-FE nyingi haipo; kazi hiyo wameachiwa mauntini, yaani mipira.

Kwa hiyo gari ikiwa D, mguu kwenye breki, AC inavuta, itatetemeka. Weka N, itapungua. Pandisha mpaka 1,300 hivi, itakwisha kabisa. Gari inayofanya hivyo ni nzima, na hakuna oili duniani itakayoiongezea pistoni.

Kumisi ni kitu kingine. Mtetemo wa kawaida una mpangilio, unakwenda sawasawa kama mtwangio kwenye kinu. Gari inayomisi inakosa hatua: inapiga, inapiga, inaruka. Ukikanyaga inasita badala ya kuvuta, eksozi inanuka petroli mbichi, na taa ya injini inawaka au inapepesa. Ikipepesa, simama, usiendelee na safari ya Sikonge, kwa sababu petroli isiyoungua inakwenda kuchoma katalisti, kisafisha moshi cha kwenye eksozi.

Kupima hakuhitaji uganga. Kila pistoni ina koili yake juu ya plagi. Zima, chomoa soketi ya koili ya kwanza, washa kwa sekunde chache, sikiliza, zima, rudisha. Fanya vivyo hivyo kwa zinazofuata. Kwenye pistoni tatu, ukiondoa moja nzima utadhani boneti linataka kuruka. Ile ambayo ukiichomoa hakuna kinachobadilika ndiyo imekufa. Kama una mashine ya kusoma kompyuta ya gari, soma kodi, yaani namba za hitilafu: P0301, P0302 na P0303 zinataja pistoni yenyewe. Hamisha koili ya namba moja kwenda namba mbili. Kodi ikihama kutoka P0301 kwenda P0302, koili ndiyo mbovu. Ikibaki palepale, hamisha plagi, kisha fikiria injekta na kompresheni. Tafadhali msinunue koili tatu kwa mpigo kwa sababu moja imekufa, halafu mkasema gari ndogo zina gharama.

Mauntini ndiyo sehemu ambayo mimi mwenyewe sina jibu safi. Gari ya 2006 ina mipira yenye umri wa mtu mzima. Mpira ukichanika kabisa unajulikana: shika breki, toa P weka R, kisha D, utasikia "gu!" na injini inaruka. Lakini mpira uliokakamaa tu, bila kuchanika? Hakuna kipimo cha mtetemo kilichoandikwa popote ambacho naweza kukuonyesha niseme huu ni wa kawaida na huu umezidi. Ninachofanya ni kulinganisha na Passo nyingine, na hiyo nyingine nayo ina mipira ya zamani. Na ole wako ukifunga mauntini ya bei chee yenye mpira mgumu: gari itatetemeka kuliko ilivyokuja, na lawama atapata fundi.

Trotobodi, mlango wa hewa wa injini, ichafukapo sailensa hushuka na mtetemo huongezeka. Safisha kwa kitambaa na dawa yake, switchi ikiwa imezimwa, usilazimishe kipepeo kwa kidole. Ukiwasha, iache dakika kumi bila AC, kisha na AC, ijifunze upya.

Sasa oili. Hapa ndipo uvumilivu wangu unapoishia.

Hoja ninayopewa ni kwamba Japani kuna baridi, Tabora kuna joto, kwa hiyo 0W-20 au 5W-30 ni ya kwao na sisi yetu ni 20W-50. Inasikika kama akili. Lakini injini haikai Tabora wala Sapporo. Inakaa kwenye joto lake lenyewe. Thamostati inafunguka maji yakiwa na nyuzi 80 na kitu, kule na huku, Januari na Oktoba. Kinachobadilika sana ni asubuhi unapowasha. Namba ya kwanza, yenye W, inasema oili inatiririka vipi ikiwa ya baridi. Namba ya pili inasema uzito wake ikiwa kwenye nyuzi 100. Kwenye nyuzi hizo oili ya 50 ni nzito karibu mara mbili ya ile ya 20, na mara nyingine zaidi ya hapo.

Uzito huo unakwenda wapi? Unakwenda kwenye vijia vilivyotengenezwa kwa oili nyepesi. VVT-i, mfumo wa kubadili muda wa valvu kufunguka, inasogeza kemshafti kwa presha ya oili, kupitia valvu yenye kichujio kidogo kama kucha ya mtoto. Tenshona, inayokaza cheni ya injini, nayo inasukumwa na oili. Ukiwasha asubuhi ya Julai, hapa Tabora baridi inauma, 20W-50 inajikokota kufika juu huku cheni inagonga. Baadaye unakuja na kodi ya VVT-i, P0011 au P0012, unauliza kwa nini gari imekuwa nzito.

Wanaoniudhi zaidi ni wale wanaosema "mbona nilivyoweka ilitulia?" Ilitulia sauti. Oili nzito inafunika kelele za valvu na cheni, kama blanketi juu ya redio. Mtetemo uko palepale. Sauti na mtetemo ni vitu viwili. Weka mkono kwenye usukani, ziba masikio, halafu uniambie.

Nikubali upande wa pili, maana upo. Injini iliyochoka, inayokula oili, imetembea kilomita ambazo dashibodi haisemi ukweli wake, nimeona ikipunguza ulaji kwa 5W-40 au 10W-40. Kitabu cha gari nacho huruhusu oili nzito kidogo kwa mwendo mkali wa muda mrefu au mizigo mikubwa. Mpaka uko wapi hasa kati ya gari ya 5W-30 na gari ya 5W-40? Nakadiria. Naangalia moshi, naangalia stiki, nakadiria. Ila 20W-50 kwa gari uliyoitoa bandarini juzi, hapana.

Ujazo pia unaharibu watu. Injini hii inachukua lita 3 na kidogo pamoja na filta. Galoni ni lita 4. Wapo wanaomimina galoni yote "isipotee". Kranki inaipiga oili mpaka inatoa povu, na inayobaki inasukumwa kwenye manifodi. Kinyume chake ni hatari zaidi: ikipungua nusu lita, umepoteza kama sehemu moja ya sita ya oili yote. Stiki ichomolewe kila wiki, gari ikiwa imepoa, mahali tambarare.

Malalamiko mengine ya wiki ya kwanza nayapitia haraka. "Dar ilikuwa na nguvu, Tabora imekufa": mji huu uko kama mita 1,200 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo inapoteza takriban asilimia 12. Kwenye farasi 71 hizo ni nane au tisa, na hukuwa nazo za kutupa. "Shokapu zimekufa, inadunda": pima upepo kwanza, mara nyingi utakuta tairi zimejazwa 40 na zaidi, soma kibandiko cha mlangoni, huwa ni 32 au 33 hivi. "Injini inalia lakini gari haiendi": kama ni CVT, giaboksi isiyo na gia za hatua, ndivyo zinavyoondoka, na oili yake ni ya CVT peke yake, si ya giaboksi ya kawaida. Filta ya hewa, kwa anayekwenda vijiji vya Uyui, ifunguliwe kila kilomita 5,000; ipulizwe taratibu kutoka ndani kwenda nje.

Na kama umeikuta tayari imejazwa 20W-50: imwage ikiwa ya moto, filta mpya, 5W-30, kisha imwage tena ikifika kilomita 1,500. Cheni ikisikika sekunde mbili asubuhi na kunyamaza, iache. Ikiendelea kulia injini ikiwa ya moto, ilete tuangalie tenshona, na galoni ya oili nzito iache dukani.