Umepandisha Windows 11 na diski imeganda kwenye asilimia 100? Soma namba ya pembeni

Tangu Microsoft iache kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, wateja wengi wanaofika mezani kwangu wana neno moja: "Fundi, nimepandisha Windows, sasa mashine inasinzia." Wengi wameshafungua Task Manager, wakakuta diski iko asilimia 100, na wameshatoa hukumu: ama Windows 11 ni mbovu, ama diski imekufa. Yawezekana, ila asilimia 100 peke yake haithibitishi lolote kati ya hayo.

Asilimia ile inapima muda. Inasema diski ilikuwa na kazi mkononi wakati wote, haisemi imefanya kazi kiasi gani. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ingia Performance, chagua diski yako, usome chini ya mchoro. Utaona kasi ya kusoma na ya kuandika, na utaona Average response time, yaani milisekunde ambazo ombi moja linasubiri mpaka lijibiwe. Mimi huanzia hapo.

Laptopu nyingi za bei nafuu zenye prosesa ya Intel kizazi cha 8, zile zinazokubalika kwa Windows 11, zilitoka kiwandani na diski ya kuzunguka, mizunguko 5400 kwa dakika. Fanya hesabu. Mzunguko mmoja unachukua milisekunde 11 na kidogo, kwa hiyo data unayoitaka kwa wastani iko nusu mzunguko mbele: 5.6. Kichwa cha kusomea nacho lazima kihamie kwenye mstari wake, kama milisekunde 12. Jumla 17 au 18 kwa ombi moja, maana yake maombi yasiyofika 60 kwa sekunde. Kama kila ombi ni kipande cha kilobaiti 4 kilichotawanyika, diski nzima hiyo inakupa kilobaiti 230 hivi kwa sekunde. Ipe filamu moja iliyopangwa mfululizo, hiyo hiyo itafika megabaiti 100 kwa sekunde. Ndiyo maana unaweza kuona asilimia 100 na kasi ya megabaiti 0.2 kwa sekunde kwenye diski isiyo na kasoro hata moja.

Na baada ya kupandisha toleo, kazi ya vipande vidogo ndiyo imejaa. Windows inajenga upya faharasa ya utafutaji, Defender, kinga ya virusi ya Windows, inapekua mafaili, masasisho yaliyobaki yanashuka, programu za Store nazo zinajisasisha. Kwa hiyo kabla hujagusa kitu, iache mashine kwenye umeme usiku kucha, imewaka, intaneti ipo, na uizuie isilale. Asubuhi izime na kuiwasha upya kwa Restart. Shut down ya kawaida haitoshi, kwa sababu ile Fast Startup huhifadhi hali ya kiini cha mfumo na kuirudisha kama ilivyokuwa. Wengi shida yao huishia hapo. Kuhusu ushauri uliozagaa wa kuzima SysMain, huduma ya Windows inayopakia mapema programu unazotumia sana: zima kama jaribio, ukiona hakuna nafuu iwashe tena. Iliwekwa kwa ajili ya diski za polepole hasa.

Sasa, kama siku zimepita na bado, rudi kwenye ile namba ya milisekunde. Mashine moja ya ofisi ya uhasibu niliifungua bila programu yoyote kuwaka: diski asilimia 100, kasi ya kusoma sifuri, ya kuandika sifuri, na muda wa kusubiri umepita milisekunde 3,000. Hapo hakuna msongamano. Diski inangojwa, na haijibu.

Nikikuta hivyo naingia Event Viewer, daftari la matukio la Windows, kwenye kumbukumbu za System. Tukio namba 129 kutoka storahci, draiva ya Windows inayoendesha diski, linamaanisha Windows ilichoka kungoja ikaamua kuianzisha diski upya. Namba 153 ni ombi lililorudiwa. Namba 7 ni mbaya zaidi: kuna sehemu ya diski isiyosomeka. Kisha CrystalDiskInfo, programu inayosoma afya ya diski. Natafuta mistari mitatu tu: 05, sekta (vijisehemu vya diski) zilizokwisha kuhamishwa, C5, sekta zinazosubiri hukumu, na C7, makosa ya mawasiliano. Hiyo C7 ikiwa inapanda kwenye kompyuta ya mezani, badilisha kebo ya SATA, ile inayounganisha diski, kwanza, ni kitu cha bei ndogo. Haitarudi sifuri hata ukitengeneza, wewe angalia tu kama imeacha kupanda. C5 ikipanda, diski inaondoka.

Kuna hali ya tatu, na hii ndiyo toleo jipya linaweza kulaumiwa kwa haki. Tukio 129 linajirudia, lakini 05 na C5 ni sifuri. Baadhi ya vidhibiti vya AHCI, chipu zinazosimamia diski za SATA, vina kasoro ya ndani, na draiva ya Microsoft, storahci.sys, ikivitumia katika hali ya MSI (kidhibiti kutoa taarifa kwa ujumbe), ishara ya "nimemaliza" inapotea njiani. Microsoft wenyewe waliikiri enzi za Windows 10. Dawa ni kuweka draiva ya mtengenezaji wa kidhibiti. Ikikosekana, ingia kwenye rejista ya Windows (regedit), tafuta kifaa hicho chini ya Enum\PCI, ugeuze MSISupported kutoka 1 kuwa 0, kisha uwashe upya. Ile ya uhasibu ilipona hivyo.

Hata hivyo mteja akiniuliza nini kifanyike, nasema weka SSD, diski isiyo na sehemu inayozunguka. Windows 11 kwenye sharti zake haikulazimishi, lakini SSD hata ya SATA ya kawaida hujibu kwa sehemu ya milisekunde, na zile kilobaiti 230 unazisahau.

Ila kama C5 imeanza kupanda, usikimbilie chkdsk /r, amri ya Windows ya kukagua diski nzima, kama video nyingi zinavyofundisha. Itailazimisha diski inayokata roho kusomwa kuanzia mwanzo hadi mwisho, mara nyingine kwa saa nyingi, na mafaili yako bado yamo ndani. Nakili kwanza nyaraka na picha kwenye diski ya nje, moja kwa moja, ukianza na zile zisizopatikana pengine. Faili likigoma, liruke uendelee na mengine, utalirudia mwishoni.