Mshipa uliofungwa Boston, ukatengenezwa Baltimore

Wazazi wanaponiuliza upasuaji wa moyo wa watoto ulianzaje, mimi huanza na mshipa mmoja mfupi uitwao duktasi.

Mtoto akiwa tumboni hapumui kwa mapafu yake. Duktasi huunganisha ateri ya mapafu, yaani mshipa upelekao damu mapafuni, na aota, mshipa mkuu upelekao damu mwilini, damu nyingi ikapita bila kuingia mapafuni. Akishazaliwa, mshipa huo hujifunga wenyewe ndani ya siku chache. Usipojifunga, damu hufurika mapafuni na moyo huelemewa. Mwaka 1938, huko Boston, Marekani, Robert Gross alimpasua kifua msichana wa miaka 7 akaufunga kwa uzi. Msichana akapona.

Daktari Helen Taussig wa hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, yeye aliona kinyume chake. Baadhi ya watoto aliowatibu walikuwa na midomo ya bluu kwa kuwa njia ya damu kwenda mapafuni ilikuwa nyembamba, na duktasi ilipojifunga walizidiwa. Kumbe mshipa ule ndio uliokuwa ukiwaweka hai! Ikiwa unaweza kufungwa, kwa nini usitengenezwe mwingine? Kwangu mimi hakuna wazo kubwa kuliko hilo katika fani hii, na lilitoka kwa daktari asiyepasua.

Vivien Thomas, fundi wa maabara Mweusi ambaye hakupata kusomea udaktari, alifanya majaribio kwa mbwa hadi akamudu kuunganisha ateri iendayo mkononi na ile ya mapafu. Tarehe 29 Novemba 1944 daktari mpasuaji Alfred Blalock alimpasua mtoto wa kike wa miezi 15, Thomas akiwa nyuma yake akimwelekeza. Ripoti ya mwaka 1945 haikumtaja Thomas kabisa. Mimi husema upasuaji wa Blalock, Thomas na Taussig, na nawataka wanafunzi wangu waseme hivyo.

Kuziba matundu ndani ya moyo kulikuja baadaye, hasa baada ya mashine ya John Gibbon, mwaka 1953, inayofanya kazi ya moyo na mapafu wakati wa upasuaji.

Miaka ya 1970 ikaleta prostaglandini, dawa inayoiacha duktasi wazi. Mtoto huwekewa dripu, nasi tunapata muda wa kupanga upasuaji. Ila lazima agundulike mapema. Nawasihi wakunga wapime oksijeni kabla mtoto hajaruhusiwa kwenda nyumbani, kwa sababu duktasi ikiwa bado wazi, mtoto mwenye kasoro kubwa anaweza kuonekana mzima kabisa.